Mdudu Mdogo Asitufanye Tulete Sumu Nyumbani

Wiki hii tunamwomba msomaji aturuhusu tuyaweke kando masuala makubwa ya umma, tuingie katika chumba chetu wenyewe, tena chini ya zulia. Huko tulikuta jambo lililotufedhehesha kidogo na kutufundisha mengi. Tumeona si uungwana kulificha, ilhali huenda familia nyingi zinalo jambo hilo hilo bila ya kulijua.

Ilikuwa Jumamosi mwishoni mwa mwezi wa Mei, baridi ya Ufipa imekwisha kuanza kushuka. Mama wa nyumba yetu, aliyebakiza kama mwezi mmoja ajifungue, alifungua sanduku ili atoe blanketi dogo la sufu. Blanketi hilo tulipewa na mama yetu mzazi, nalo ndilo lililowafunika watoto wetu wawili wa kwanza. Alilikunjua mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya katikati yake. Lilikuwa na matundu, mengine madogo kama punje ya ulezi, mengine makubwa kama punje ya hindi.

Hapa hatuna budi kukiri kosa. Neno la kwanza lililotoka kinywani mwetu halikuwa pole. Tulimwuliza nyumba inafagiliwa vipi. Mama hakujibu. Alilikunja blanketi, akalirudisha sandukuni, akaenda kuketi jikoni. Msomaji aliyeoa anaujua ukimya wa namna hiyo.

Kabla ya Magharibi habari ilikuwa imekwisha kuvuka ua. Shangazi alikuja na pakiti ya naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuwekwa kabatini, akasema viwekwe pamoja na nguo za mtoto. Mzee mmoja jirani yetu, mkulima hodari wa mahindi, alikuja na vidonge viwili alivyovifunga katika karatasi.

“Ustaadh,” alituambia, “hivi ndivyo ninavyofukizia gunia. Weka chini ya zulia, funga mlango, kalaleni chumba cha pili. Asubuhi hutamkuta mdudu.”

“Ahsante sana, Mzee wetu,” tulijibu, na tukanyoosha mkono kupokea.

“La, usishike hivyo!” akasema kwa haraka. “Mkono wako una maji. Havitaki maji hata kidogo.”

Kweli, tulikuwa tumetoka kutawadha na mikono ilikuwa bado mibichi. Basi tukasimama pale mlangoni tukajiuliza: kitu kisichopaswa kuguswa na mkono wenye udhu, tutakiwekaje mahali tunapoweka paji la uso? Tulimshukuru Mzee, tukamwomba arudi navyo, naye hakukasirika. Alikuwa amekuja kwa mapenzi.

Tulipochunguza baadaye, tuliona tumenusurika. Vidonge vya kufukizia nafaka huwa na kemikali iitwayo aluminiamu fosfaidi. Vikipata unyevu, hata ule wa hewani tu, hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua binadamu kama inavyoua wadudu. Gesi hiyo hupita katika nyufa na chini ya milango, ikafika hicho “chumba cha pili” ambako watoto wamelala. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa nguvu mwilini; hospitali huweza tu kumsaidia mgonjwa apumue na moyo wake usisimame. Vidonge hivi haviwekwi kamwe ndani ya nyumba wanamoishi watu, hata kwa usiku mmoja. Ikitokea mtu amevuta hewa yake akaanza kutapika, kubanwa kifua au kushindwa kupumua, atolewe nje mara moja na kukimbizwa hospitali, na daktari aambiwe ni kidonge gani kilichotumika.

Hatumlaumu Mzee wetu. Sisi wa nyanda hizi tumeishi na sumu za ghalani muda mrefu. Tangu alipoonekana Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yule mdudu wa mahindi ambaye wakulima walimwita dumuzi na wengine wakamwita Skania, kuchanganya dawa na nafaka kumekuwa sehemu ya kuvuna. Kwa hiyo mkono umezoea: anapoonekana mdudu, hutafutwa dawa ya mahindi. Lakini dawa ya ghalani, iwe ya kidonge au ya unga, imepimwa kwa ajili ya ghala. Haikupimwa kwa ajili ya kitanda, zulia wala msala.

Usiku ule tulichukua tochi, tukaviinua viti na kulikunja zulia kutoka pembeni. Katikati ya chumba palikuwa safi kabisa, kwani palifagiliwa kila siku. Lakini ukutani, nyuma ya kabati ambalo halijasogezwa tangu tulipohamia, tulikuta vumbi lililoshikamana na nywele, na ndani yake maganda membamba ya rangi ya kahawia, kama makapi ya nafaka. Yalikuwa na vinyweleo. Tulipopuliza, baadhi yake yalitembea.

Hao walikuwa mabuu wa mbawakawa wa zulia. Kiswahili chetu cha kila siku hakijampa jina lake mwenyewe, nasi tutamwita hivyo. Mkubwa wake ni mdudu wa mviringo, mdogo kuliko punje ya mchele, mwenye madoa meusi, meupe na ya kahawia mgongoni. Huyo mkubwa hali nguo. Chakula chake ni chavua na utamu wa maua, na mara nyingi huonekana kwenye kizingiti cha dirisha akitafuta njia ya kutoka nje. Anayeharibu ni mtoto wake, yaani buu mwenye manyoya, ambaye hukimbia mwanga na kuishi pembezoni, chini ya vitu vizito na ndani ya masanduku. Yai huanguliwa kwa wiki moja hadi tatu, kisha buu hula kwa miezi mingi, na baridi humrefushia muda. Kila anapokua hulivua ganda lake. Kwa hiyo maganda ishirini si lazima yawe mabuu ishirini, na mwenye nyumba asitishike kwa kuyahesabu.

Buu huyu hula vitu vilivyotoka kwa wanyama: sufu, nywele, manyoya, hariri, ngozi na mizoga ya wadudu. Pamba, nailoni na poliesta hazimshibishi, ila huweza kuzitafuna zikiwa na jasho au mabaki ya chakula. Mazulia mengi yanayouzwa madukani siku hizi ni ya plastiki. Anayetaka kuhakikisha achomoe uzi mmoja, atoke nje, auchome juu ya kisahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalopondeka; plastiki huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Uzi wa zulia letu uliyeyuka. Maana yake zulia lilikuwa maficho tu. Chakula kilikuwa mahali pengine.

Tulikitafuta siku mbili. Tulikagua dari, kwa sababu viota vya shomoro, popo na panya aliyekufa huweza kuwalisha wadudu hawa kwa muda mrefu. Tulifungua vifuniko vya taa ambamo hukusanyika nzi waliokufa. Tulikagua stoo ya samaki wakavu, kwa kuwa yule buu mwenye manyoya anayetoboa samaki wa Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika ni wa ukoo huo huo. Hatukupata kitu. Mwishowe mwanetu wa miaka sita akasema, “Abii, mbona hujatazama kwako?”

Kwetu, maana yake kona ya vitabu. Katika kona hiyo tulikuwa tumetandika ngozi ya kondoo wa Idi ya mwaka uliopita. Tuliitengeneza kwa mikono yetu wenyewe, kwa chumvi na majivu, na tulijivuna nayo mbele ya wageni. Tulipoigeuza, upande wa chini ulikuwa unatembea. Ngozi haikukauka vizuri wala kusindikwa ipasavyo. Mafuta na nyama kidogo vilibaki juu yake, na hiyo ndiyo karamu iliyowalea mabuu kwa miezi yote ile hadi wengine wakahamia sandukuni. Vitabu vyetu vya fiqhi vinaeleza habari ya kuidibaghi ngozi, nasi tuliisoma chuoni na kuifanyia mtihani. Kumbe kazi yenyewe hatukuwa tumeifanya sawasawa.

Tuliibeba ile ngozi hadi nje. Kisha tukaingia jikoni, tukamwomba mama radhi mbele ya watoto wale wale waliosikia swali letu la kwanza. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa kuwa katika nyumba nyingi, mdudu akionekana, mwanamke ndiye anayeshitakiwa kwa uchafu. Nyumba iliyofagiliwa kila siku huweza kuwa na mbawakawa wa zulia. Huingia kwa dirisha akitoka mauani, au huja ndani ya koti la mitumba. Kinachomkaribisha ni kona isiyoguswa, na mara nyingi kona isiyoguswa ni ya baba.

Sasa tueleze tulivyofanya, ili anayehitaji afuate. Kazi hii haina gharama kubwa. Inachotaka ni subira.

Kwanza, mtambue mdudu. Mbawakawa wa zulia haumi wala hanyonyi damu. Vinyweleo vya buu wake huweza kumwasha mtu mwenye ngozi nyepesi kukereka, na watu hudhani ni kunguni. Kunguni ni bapa, mwekundu wa kahawia, hukaa kwenye maungio ya kitanda na huacha vidoa vyeusi au vya damu kwenye shuka. Nondo naye hula sufu, lakini yeye huacha utando au vifuko vya nyuzi. Ukiona maganda yenye manyoya na matundu yaliyotawanyika, huyo ni wetu.

Pili, tafuta chakula chake ukitoe. Bila hatua hii nyingine zote ni bure. Ngozi, manyoya, kiota, mzoga, sweta lililosahaulika: kiharibike kitu kimoja kuliko nyumba nzima. Ngozi yetu tuliichoma mbali na nyumba.

Tatu, fagia mahali pasipofagiliwa. Sogeza kabati na kitanda, kunja zulia, pitisha ufagio wa chelewa au brashi ngumu pembezoni na kwenye nyufa za sakafu. Mwenye mashine ya kunyonya vumbi aitumie. Taka zisiachwe kwenye ndoo ya ndani. Zichomwe au zifukiwe siku hiyo hiyo. Kisha futa sakafu kwa maji ya sabuni. Rudia kila wiki kwa muda usiopungua miezi mitatu, kwa sababu mayai ya leo ni mabuu ya wiki ijayo.

Nne, toa zulia na mablanketi nje. Yapigwe kwa fimbo, yasuguliwe kwa brashi pande zote mbili, hasa mikunjo na pindo, kisha yaanikwe siku nzima na kugeuzwa. Tusijidanganye kwamba jua pekee linatosha. Jua la kiangazi chetu huchoma uso, lakini hewa ni baridi, na buu hujificha upande wa kivuli. Kipigo na brashi hufanya kazi kubwa zaidi. Wala baridi yetu ya usiku isitegemewe: inatosha kumfanya mtu aongeze shuka la pili, lakini haimwui buu.

Tano, tumia moto wa maji kwa vinavyouvumilia. Mashuka na nguo za pamba zilowekwe katika maji yanayozidi nyuzi joto 55. Sehemu mbili za maji yanayochemka kwa sehemu moja ya maji baridi hutosha, na watoto wakae mbali na beseni. Sufu haioshwi hivyo, itasinyaa. Iwekewe kitambaa kibichi juu, ipigwe pasi polepole, hata pasi ya mkaa yafaa, kwani mvuke ule huua buu na yai. Mwenye friza anaweza kukifunga kitu kidogo cha sufu ndani ya nailoni nzito na kukiacha humo wiki mbili, ikiwa friza hiyo hufikia nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sita, hifadhi kilicho safi. Buu hupenda nguo yenye jasho kuliko iliyofuliwa. Kwa hiyo sweta na majoho yafuliwe kabla ya kuwekwa, yakauke kabisa, yafungiwe katika ndoo au sanduku lenye mfuniko usioachia upenyo. Sanduku lifunguliwe kila mwezi. Kizingiti cha dirisha kikaguliwe pia, kwani huko ndiko utakakomwona mkubwa wake akirejea.

Tumesema Shangazi alileta naftalini, na familia nyingi huiona haina neno. Haifai kwa nguo za mtoto mchanga. Wapo watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng’enya cha damu kiitwacho G6PD, na upungufu huo si wa nadra katika nchi zilizoishi na malaria kwa vizazi vingi, Tanzania ikiwemo. Kwa mtoto wa namna hiyo, blanketi lililolazwa na naftalini huweza kuzivunja chembe nyekundu za damu, akageuka manjano na kupungukiwa damu kwa hatari. Mzazi hana njia ya kumjua kwa kumtazama. Tena vidonge vile hufanana na peremende, na mtoto anayetambaa hujaribu kila kitu kwa kinywa.

Na dawa ya kupuliza? Kama miezi mitatu imepita na mabuu bado yapo, itumike ile iliyosajiliwa nchini na kuandikwa kuwa ni ya ndani ya nyumba, kwa maelekezo yaliyo juu ya kopo, kwenye nyufa na pembezoni tu, na chumba kipate hewa kabla ya watu kurudi. Isipuliziwe juu ya zulia linaloswaliwa wala juu ya godoro. Wengine hukanyaga mazulia yao kwa viatu. Sisi huweka juu yake pua na paji la uso, na watoto wetu husomea Qur’ani hapo. Aliyeshindwa kabisa amwone afisa afya wa kata kabla ya kununua sumu barabarani.

Jambo hili tulilipeleka pia kwenye kikao cha kamati ya msikiti, nasi kama katibu tukaliandika katika kumbukumbu. Zulia la msikiti ni amana, na anayelipulizia dawa bila kufikiri anawapulizia waumini wote. Ilikubaliwa kwamba kila mwezi mazulia yakunjwe kutoka ukutani na pembezoni pafagiliwe, na vijana wa madrasa wameipokea kazi hiyo kwa furaha kuliko tulivyotarajia.

Wala tusimchukie mdudu huyu kupita kiasi. Huko nje kazi yake ni kuondoa manyoya na ngozi za viumbe waliokufa, na ulimwengu ungejaa mabaki kama pasingekuwa na wa kuyala. Katika baadhi ya makumbusho ya Ulaya na Marekani wataalamu hufuga ndugu zake ili wasafishe mifupa ya wanyama, kazi ambayo kisu hakiiwezi. Hakuumbwa bure. Ni sisi tuliomwandikia karamu ndani ya nyumba.

Leo ni mwezi wa nne. Wiki tatu zilizopita tulipata ganda moja tu nyuma ya kabati, na tangu hapo hatujaona kitu; lakini ufagio bado unapita kila Jumamosi, na kona ya vitabu tunaifagia wenyewe. Mtoto alizaliwa salama mwishoni mwa Juni, usiku wa baridi kali. Mama alikuwa amelishona lile blanketi kwa uzi wa sufu ya kijani, tundu baada ya tundu, na siku ya akika bibi yake alimpakata amefunikwa nalo. Yule Mzee jirani yetu alilitazama, akazigusa zile nyuzi za kijani, akasema, “Ustaadh, basi vile vidonge vyangu nimevifungia ghalani, tena kwa kufuli.”

Tulimwambia Allah amlipe heri.